Motokaa za Dukani na Imani ya Watazamaji

Kila mchezo unaokusanya watu una hadithi ndani yake, na kila hadithi ina mapatano yake na msikilizaji. Mtambaji wa ngano hupewa ruhusa ya kumfanya sungura aseme na simba avae kanzu. Lakini hapewi ruhusa ya kusahau alichosema mwanzo, wala ya kumvika taji mwishoni mtu ambaye ngano yenyewe haikumstahilisha. Msikilizaji husamehe uzushi, hasamehi hila. Kwa kipimo hicho yafaa kupimwa malalamiko ambayo kwa muda wa miaka ishirini na zaidi yamesikika katika Marekani juu ya mashindano ya motokaa za dukani: kwamba mchezo huo, uliokuwa fahari ya majimbo ya kusini, umepoteza mvuto wake.

Malalamiko hayo yana ushahidi wa hesabu. Shindano kuu la mwaka, maili 500 za Daytona katika jimbo la Florida, lilitazamwa kwa televisheni na watu zaidi ya milioni 19 mwaka wa 2006; mwaka wa 2025 watazamaji hawakufika milioni 7. Uwanja wa Bristol katika Tennessee, uliokuwa umeuza viti vyake vyote katika mashindano 55 mfululizo tangu mwaka wa 1982, ulionekana na viti vitupu mwezi wa Machi 2010. Uwanja wa Daytona ulipokwisha kujengwa upya mwaka wa 2016 ulibakizwa viti 101,500, pungufu kwa makumi ya maelfu kuliko vya zamani. Yamkini mtetezi wa mchezo atajibu kwamba televisheni yenyewe imegawanyika, na kwamba nyumba yenye stesheni mia haiwezi kutazama jambo moja kama nyumba yenye stesheni tatu. Jibu hilo lina kweli ndani yake, walakini halitoshi. Maana mpira wa miguu wa Kimarekani umepita katika dhoruba iyo hiyo na haukupungukiwa kwa kadiri hiyo.

Anayehukumu jambo hili hana budi kwanza kujua mvuto wenyewe ulikuwa nini. Wengi hudhani ulikuwa kasi. Dhana hiyo haishiki, kwa sababu motokaa za Indianapolis, zilizoundwa kwa mbio tu, zilikwenda kasi zaidi, na watu wa North Carolina hawakuziacha za kwao kwa ajili hiyo. Jina la mchezo ndilo linaloeleza siri yake. Motokaa ya dukani ni ile ambayo mtu aweza kuiona dirishani mwa muuzaji, akatamani, akakopa fedha, akaiendesha nyumbani. Mtazamaji aliyekuja uwanjani katika Ford aliona Ford ikishindana na Oldsmobile, na ushindi wa Ford ile ukawa kama ushindi wa hiyo aliyoiegesha chini ya mti nje ya uwanja. Mvuto ulikuwa katika mfanano: gari lilifanana na gari lake, na mtu aliyelishika usukani alifanana na jirani yake.

Shirika la NASCAR, lililoongozwa na jamaa ya France kwa vizazi vitatu, lilibuniwa katika mkutano uliofanyika hotelini Daytona Beach mwezi wa Desemba 1947, likaandikishwa mwaka uliofuata. Shindano lake la kwanza la motokaa za dukani lilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949, katika uwanja wa udongo. Sharti lilikuwa jepesi kutamka: gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Lee Petty aliazima Buick ya rafiki yake akaja nayo mashindanoni, akaipindua mbele ya watu. Glenn Dunaway alifika wa kwanza katika Ford, akiwa ameacha wenziwe nyuma kwa mizunguko kadha. Kisha wakaguzi wakachungulia chini ya Ford ile, wakakuta springi za nyuma zimetengenezwa kwa njia isiyo ya kiwandani. Gari lile lilikuwa limezoea kazi nyingine: kuchukua pombe ya magendo usiku, mzigo mzito katika njia za milimani, huku polisi wakifuata nyuma. Ushindi ukaondolewa kwa Dunaway, ukapewa Jim Roper wa Kansas aliyekuwa katika Lincoln. Mwenye Ford akaenda mahakamani, na kesi yake ikatupwa.

Siku ile moja ina mafunzo mawili, na kila mmoja wa wagomvi wa leo husahau funzo lisilomfaa. La kwanza ni kwamba udanganyifu ulizaliwa pamoja na mchezo. Anayesema kwamba zamani gari lilikuwa gari tupu na mtu alikuwa mtu tupu, anasifu enzi ambayo haikudumu hata alasiri moja. La pili ni kwamba udanganyifu uliitwa udanganyifu. Mstari ulikuwapo, mtu aliuvuka, akaambiwa ameuvuka. Watazamaji walirudi makwao wakijua kwamba taji lina sheria, na kwamba sheria hiyo ilikuwapo kabla ya shindano kuanza.

Madereva wa miaka ile walitoka katika maisha ya watazamaji wao. Junior Johnson wa Wilkes, katika milima ya North Carolina, alijifunza kuendesha kwa kuchukua pombe iliyopikwa na baba yake, jamaa ya gongo inayojulikana katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1956 alikamatwa penye mtambo wa kupikia, akafungwa. Alipotoka alirudi uwanjani, na mwaka wa 1960 akashinda Daytona kwa gari lililokuwa dhaifu kuliko mengine. Akili yake ndiyo iliyomshindisha: aligundua kwamba gari linalofuata jingine karibu sana huvutwa na upepo uliopasuliwa na lile la mbele. Mwandishi Tom Wolfe aliandika insha ndefu juu yake katika gazeti la Esquire mwaka wa 1965, na kwa insha ile wasomi wa miji ya kaskazini walianza kufahamu kwamba jambo walilolidharau lilikuwa na shujaa wake, lugha yake na heshima yake.

Hapana budi kukiri kwamba mfanano huo wa gari na gari umekwisha. Haukwisha siku moja. Kwa miaka mingi vyuma vya kumlinda dereva viliongezwa ndani, milango ikafungwa isifunguke, injini zikaundwa makusudi kwa mbio. Hata hivyo mwaka wa 1970 kampuni ya Plymouth, iliyotaka kushindana na gari lenye pua ndefu na bawa refu nyuma, ililazimika kwanza kuwauzia raia magari ya namna iyo hiyo. Sharti la dukani lilikuwa bado na meno. Motokaa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022 imeandikwa Chevrolet, Ford au Toyota usoni pake, lakini bodi yake ni mchanganyiko wa nyuzi na gundi ngumu, gurudumu lake hushikwa na nati moja badala ya tano, na vipuri vyake vingi hununuliwa na timu zote kwa mtengenezaji mmoja aliyeteuliwa. Taa zake za mbele ni picha za kubandikwa. Picha ya taa haimuliki. Na mtu akisema kwamba gari lile ni la dukani kwa kuwa lina picha ya taa, amesema kwamba kivuli cha mkate ni chakula.

Je, hasara hii ndiyo iliyowafukuza watazamaji? Hapa yafaa mhakiki aende polepole. Magari yalikwisha kuacha kuwa ya dukani zamani, na katika miaka iyo hiyo mchezo ukakua. Tarehe 18 Februari 1979 mbio za Daytona zilionyeshwa kwa televisheni moja kwa moja tangu mwanzo hata mwisho, wakati theluji kubwa ilipowafungia watu majumbani katika upande wa mashariki wa nchi. Katika mzunguko wa mwisho Donnie Allison na Cale Yarborough, waliokuwa wakiongoza, waligongana na kutoka nje ya njia. Richard Petty akapita akashinda, na nyuma yake watu wakaonekana wakipigana ngumi majanini. Hakuna aliyeuliza siku ile kama magari yalitoka dukani. Mtu alikuwa amebaki mtu, hasira ilikuwa hasira, na mshindi alikuwa yule aliyefika mbele. Mfanano wa magari ulipungua, imani katika matokeo ilibaki. Na hiyo ikatosha kuulea mchezo kwa miaka mingine ishirini na mitano.

Wapo pia wasemao kwamba mchezo umelainika, kwamba hatari ndiyo iliyokuwa chumvi yake. Neno hili ni rahisi kwa aliyeketi kitini. Kati ya Mei 2000 na Februari 2001 walikufa madereva wanne katika mashindano na mazoezi ya NASCAR: Adam Petty, kijana wa miaka 19, kitukuu cha yule Lee aliyepindua Buick ya kuazima, Kenny Irwin, Tony Roper, na Dale Earnhardt, bingwa mara saba, mtoto wa mji wa viwanda vya nguo, aliyegonga ukuta wa Daytona katika mzunguko wa mwisho. Baada ya hapo kifaa cha kuzuia shingo kililazimishwa, na kuta ngumu zikavikwa nyingine zinazobonyea. Tangu siku ya Earnhardt, mashindano ya ngazi tatu za juu za NASCAR hayajaua dereva. Kama huo ni upungufu wa mvuto, basi ni mvuto ambao kuukosa ni faida. Mja haendi kwenye mchezo kuthibitisha kwamba shingo ya mwenziwe yavunjika.

Kadhalika wako wanaolilia siku za kale kwa sababu ya nani alikuwapo na nani hakuwapo. Wendell Scott, fundi mweusi wa Danville katika Virginia, alishinda shindano la Jacksonville tarehe 1 Desemba 1963. Bendera ya ushindi haikupungwa kwake. Alipewa Buck Baker, mzungu, pamoja na kikombe. Watu walipokwisha kutoka, hesabu ikasahihishwa na Scott akakubaliwa kuwa mshindi, akapewa fedha pasipo kikombe. Alifariki mwaka wa 1990. Kikombe kilipewa jamaa yake na NASCAR mwaka wa 2021. Mwaka uo huo Bubba Wallace alishinda Talladega, akawa mtu mweusi wa pili kushinda katika ngazi ile, miaka 58 baada ya Scott. Mwaka wa 2020 shirika lilikuwa limepiga marufuku viwanjani bendera ya majimbo yaliyopigana vita vya 1861 hadi 1865 kutetea utumwa, na baadhi ya watazamaji wa zamani waliona kwamba wamenyang'anywa mchezo wao. Lakini tendo la Jacksonville lilikuwa kosa lile lile ambalo mchezo hushitakiwa nalo leo: mwenye kustahili alinyimwa, na asiyestahili akavikwa, mbele ya macho ya watu. Ni ajabu kuona mtu anahuzunishwa na taji lililopotoka mwaka huu, na hakuhuzunishwa na lile la mwaka wa 1963.

Basi yakiisha kuondolewa magari, hatari na rangi, yanabaki mashitaka mawili ya kweli. La kwanza ni la mahali. Mcheza kwao hutunzwa. Na mchezo huu uliondoka kwao. Uwanja wa North Wilkesboro, katika wilaya ya Junior Johnson mwenyewe, ulikuwa katika kalenda tangu mwaka wa kwanza. Ulipouzwa, tarehe zake mbili zilihamishiwa Texas na New Hampshire, na baada ya shindano la Septemba 1996 majani yakaota penye vikao. Rockingham ilikimbiwa mara ya mwisho katika ngazi ya juu mwaka wa 2004. Mwaka huo huo Darlington ya South Carolina, iliyofanya mbio zake za maili 500 katika sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba tangu 1950, ilinyang'anywa sikukuu hiyo, ikapewa California. Wenye hesabu walisema kusini kumekwisha kushiba na magharibi kuna njaa. Miaka haikuwathibitisha. Darlington ilirudishiwa sikukuu yake mwaka wa 2015. Uwanja wa California ulikimbiwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Na mwaka huo huo North Wilkesboro ilifufuliwa, majukwaa yakajaa tena. Aliyeacha mbachao kwa msala upitao alirudi kuutafuta mbachao.

Shitaka la pili ni zito zaidi, na ndilo kiini cha jambo lote. Mwaka wa 2003 Matt Kenseth alipata ubingwa kwa kushinda shindano moja tu, kwa kuwa katika mengine alikuwa karibu na mbele wiki baada ya wiki. Ryan Newman alishinda manane mwaka ule na hakuwa bingwa. Wako walioona kwamba hadithi ya subira haiuziki. Mwaka wa 2004 mashindano kumi ya mwisho yalitengwa, na pointi za madereva bora zikasogezwa karibu. Mwaka wa 2014 ukaja mtindo wa kuchuja: madereva kumi na sita, wakaondolewa wanne wanne, hata wakabaki wanne kwa siku moja ya mwisho, na wa mbele kati yao ndiye bingwa wa mwaka mzima. Mwaka wa 2017 kila shindano lilikatwa vipande, na bendera ya manjano ikapungwa kwa ratiba ili magari yakusanyike upya.

Nia ilikuwa kuhakikisha msisimko. Lakini msisimko ni kama usingizi: mtu hulala akiwa hakuutafuta, na akiulazimisha hukesha. Mtunzi anayejua kwamba kilele cha hadithi yake lazima kitokee ukurasa wa mwisho, hata kama kurasa zote za kabla hazikukizaa, humfundisha msomaji kuruka kurasa za kabla. Ndivyo ilivyokuwa. Kama Machi, Mei na Julai haziwezi kumfanya mtu bingwa, kwa nini mtazamaji aamke kwa ajili ya Machi?

Mfano wa mwisho ulikuja wenyewe. Tarehe 2 Novemba 2025, katika uwanja wa Phoenix, Denny Hamlin alifika kwenye siku ya kuamua akiwa ameshinda mashindano 60 katika maisha yake na hajapata ubingwa hata mara moja. Aliongoza zaidi ya nusu ya mizunguko. Ilipobaki mizunguko mitatu tu, tairi la William Byron lilipasuka, gari likagonga ukuta, bendera ya manjano ikapungwa. Hamlin alibadili mipira minne, Kyle Larson miwili. Katika mbio fupi zilizoongezwa Larson akamaliza mbele yake, akawa bingwa wa mwaka pasipo kuongoza hata mzunguko mmoja siku ile. Larson hakuvunja sheria yoyote, wala hakuna awezaye kumlaumu. Bahati ina kiti chake katika kila mchezo. Lakini sheria nzuri huipa bahati kiti kimoja kati ya viti vingi, na sheria ile iliipa kiti cha enzi. Januari 2026 shirika lenyewe lilitangaza kwamba mtindo wa kuchuja umeachwa, na kwamba ubingwa utarudi kuhesabiwa kwa pointi za mashindano kumi ya mwisho. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na baada ya kutembezwa miaka kumi na miwili, kilirudishwa ghalani.

Hukumu, basi, haiwezi kuwa neno moja. Mashindano ya motokaa za dukani hayakuchakaa kwa sababu ya kuacha bati na kuchukua nyuzi, wala kwa sababu ya kuokoa uhai wa madereva, wala kwa kumfungulia mlango aliyefungiwa. Yalichakaa pale yalipoacha kuwaamini watazamaji wake, yakidhani kwamba hawawezi kuthamini kazi ya mwaka mzima na lazima watikiswe kama mtoto asiyetaka kulala. Mtazamaji asiyeaminiwa hujifunza kutoamini. Alipoulizwa kwa nini ameacha kutazama, alitaja gari, au bendera, au televisheni, kwa kuwa hivyo ni vitu vya kuonyeka. Kilichompata hakikuwa na jina jepesi.

Kwamba mvuto wenyewe haujafa, kunaonekana mahali padogo. Katika uwanja wa Bowman Gray, mjini Winston-Salem, magari yameshindana karibu kila msimu wa joto tangu mwaka wa 1949, katika njia ya robo maili inayozunguka kiwanja cha mpira. Siku za Jumamosi usiku madereva wenye kazi nyingine mchana huja na magari yaliyopondeka, na watu wa mji huja kuwashangilia na kuwazomea kwa majina. Hakuna aliyewaahidi kilele. Pengine hutokea, pengine hakitokei, na watu hurudi Jumamosi ya pili. Mnamo 1949 hukumu juu ya Ford ya Dunaway ilimnyima mtu ushindi na ikaupa mchezo miaka mingi ya kuaminiwa. Taji likipatikana tena kwa njia ambayo mtazamaji aweza kumweleza mwanawe bila ya kuona haya, viti vitajazwa na wenye kuvitaka. Na vikibaki vingine vitupu, vitakuwa vitupu kwa heshima.